Ala ya Kisu ya Bomba la PVC Inayoshika Sawasawa: Mwongozo Kamili

Malalamiko kuhusu ala za plastiki ni yale yale mawili. Mmoja anasema kisu kinachomoka kila akiinama. Mwingine anasema kisu kimenasa, mpaka aibane ala katikati ya magoti na kuvuta kwa nguvu zote, mchezo ambao siku moja utamtoa damu. Wote wawili walifuata maelekezo mafupi ya mtandaoni: pasha, kunja, bana. Walichokosa ni kuambiwa wabane wapi.

Ala nzuri ya plastiki hushika mpini. Ubapa unatakiwa ukae ndani ukiwa huru, bila kusuguana na kitu. Ukilielewa hilo kabla ya kuwasha jiko, nusu ya kazi imekwisha.

Nimechagua bomba la PVC kwa sababu linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye karatasi za Kydex za kuagiza, plastiki ngumu ya kutengenezea ala, anaweza kufuata hatua hizi hizi. Kinachobadilika ni joto tu, nami nitalitaja likifika.

## Vifaa

Kusanya vyote kwanza. Plastiki ikishalainika haikusubiri ukatafute koleo.

- Kipande cha bomba la PVC la inchi 4 (milimita 110), lenye ukuta wa milimita 2 hadi 3.
- Msumeno wa kukatia chuma, tupa, na msasa namba 120, 240 na 400.
- Drili au keekee, na biti za milimita 4 na 6.
- Utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi.
- Mbao mbili nene, kila moja yenye urefu wa ala na upana wa sentimita 15 hivi.
- Klampu nne. Ukiwa na jiliwa kubwa (kibano cha mezani), klampu mbili zinatosha.
- Sponji ngumu ya malapa mapana yaliyochakaa, au ya godoro la mazoezi. Sponji ya godoro la kulalia haifai, ni laini mno.
- Tyubu kuukuu ya gari au pikipiki.
- Bolti nne za M4 (unene wa milimita 4) zenye nati za kujifunga, mbili za mdomo wa ala na mbili za kishikizo, na ribiti chache za milimita 4 pamoja na koleo lake.
- Kalamu ya maka, rula, na glavu za ngozi au pamba nene. Usivae za nailoni, zinayeyukia mkononi.
- Chombo cha kupashia: oveni, mashine ya kupulizia hewa moto, au jiko la mkaa lenye sinia la mchanga.

### Hakikisha ni PVC kweli

Kuna mabomba ya plastiki ya aina nyingi, na mengine hayafinyangiki. Kata kipande kidogo ukitumbukize kwenye maji. PVC ni nzito kuliko maji, kwa hiyo inazama. Mabomba meusi ya polithini na yale ya PPR yanaelea. Madumu ya mafuta na ndoo navyo vinaelea, na ndiyo maana ala za dumu huishia kupinda na kulegea: plastiki ile husinyaa sana ikipoa na haishiki umbo kali.

Kama kisu ni cha kukatia chakula, nunua bomba jipya la maji ya kunywa. Usiokote bomba la zamani. Mbali na uchafu wa lilikotoka, baadhi ya mabomba ya zamani yalitengenezwa kwa viambato vyenye madini ya risasi.

## Onyo moja kabla ya moto

PVC inafinyangika vizuri kati ya nyuzi joto 110 na 140 za Selsiasi. Ukiizidishia sana inageuka rangi, inatoa vipovu, kisha inatoa gesi yenye asidi ya haidrokloriki. Gesi hiyo inachoma macho na mapafu, na inashambulia chuma pia, kikiwemo kisu chako.

Kwa hiyo fanyia kazi nje au mahali penye upepo. Ukiona rangi ya kahawia au moshi, toa plastiki kwenye joto na usogee pembeni. Usiguse plastiki na mkaa wala mwali moja kwa moja. Mabaki usiyachome kwenye jalala. Sinia utakalolitumia hapa lisirudi tena jikoni.

## Hatua ya 1: Kisome kisu chako

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Weka kisu mezani ukitazame kwa juu, kisha kwa ubavu. Unatafuta mahali ambapo kisu kinanenepa halafu kinakonda tena, ukienda kutoka kwenye ubapa kuelekea nyuma ya mpini. Pale panaponenepa tutapaita bega, na panapokonda nyuma yake tutapaita kiuno. Plastiki ikilala juu ya bega na kuingia kidogo kwenye kiuno, kisu kikirudishwa kitalia "tik" na kutulia. Huo ndio mshiko.

Visu vingi vya porini na vya wavuvi vina bega tayari: kizuizi cha kidole, au mpini uliovimba mbele. Hapo huna kazi ya ziada.

Visu vya jikoni vya mpini wa mbao ulionyooka havina bega. Plastiki itaukumbatia mpini, lakini itashika kwa msuguano peke yake, na msuguano huo hulegea mbao ikikauka au ikilowa. Dawa yake ni ndogo. Chukua tupa ya duara, uchimbe kibonde kifupi kila upande wa mpini, sentimita 2 nyuma ya mwanzo wake. Kina cha milimita moja kinatosha, mradi kingo za kibonde ziwe laini. Hicho ndicho kitakuwa kiuno chako.

Kisha angalia kisigino, ile kona ya nyuma ya makali. Kwenye kisu cha bucha au cha jikoni, kisigino hushuka chini kupita mpini. Plastiki ikijikunja nyuma ya kisigino, kisu hakitoki. Utalazimika kuivunja ala.

Sime ina tatizo la aina hiyo hiyo kwa upande mwingine. Ubapa wake ni mwembamba karibu na mpini na unapanuka kuelekea ncha, na panga nyingi ni hivyo hivyo. Ukiifinyanga plastiki ifuate umbo la sime kila mahali, umejenga mtego: sehemu pana iko ndani na mlango ni mwembamba. Kwa sime na kisigino dawa ni ile ile ya kujaza, tutaifanya sasa hivi. Ila sime ina makali pande zote mbili, kwa hiyo usiikunjie plastiki moja. Tumia vipande viwili vya plastiki, kimoja kila upande wa ubapa, uvifunge pamoja kwenye kingo zote mbili.

Umefanikiwa kama: unaweza kuweka kidole kwenye bega, ukakisogeza hadi kwenye kiuno, na ukasema plastiki itaishia wapi. Weka alama ya maka sentimita 1 hadi 1.5 nyuma ya kiuno. Hapo ndipo mdomo wa ala utakapokuwa.

## Hatua ya 2: Funga utepe na ujaze mapengo

Funika ubapa wote kwa utepe wa karatasi, tabaka mbili kila upande, na tatu juu ya makali. Utepe unafanya kazi mbili. Unakulinda wewe usijikate wakati wa kubana, na ukishauondoa unaacha nafasi ndogo ndani ya ala. Bila nafasi hiyo, chembe moja ya mchanga ikiingia itachora ubapa kila ukichomoa.

Usiufunge mpini. Pale tunataka plastiki iguse mpini wenyewe.

Sasa jaza. Kwa kisu chenye kisigino, bandika kijiti chembamba kinachoanzia kwenye kisigino na kufuata upande wa chini wa mpini mpaka kwenye alama ya mdomo. Kijiti kiwe na unene unaolingana na ubapa, au uzidi kidogo. Kwa sime, bandika vijiti kandokando ya sehemu nyembamba mpaka upana wake ulingane na ule wa sehemu pana. Kwa njia hiyo ubapa utapita kwenye mlango bila kukwama.

Umefanikiwa kama: ukikitazama kisu kilichofungwa, kuanzia ncha hadi mlangoni, hakuna sehemu ya ubapa iliyo pana kuliko mlango.

## Hatua ya 3: Fungua bomba na ulinyooshe

Pima. Urefu wa plastiki ni urefu wa ubapa, ongeza sehemu ya mpini itakayofunikwa, ongeza sentimita 2 mbele ya ncha. Upana ni upana wa kisu mara mbili, ongeza sentimita 6 za ukingo, na sentimita moja kwa ajili ya mkunjo.

Mfano: kisu chenye ubapa wa sentimita 15, kipana sentimita 3, na mpini utakaofunikwa sentimita 4. Urefu ni 21, upana ni 13. Bomba la milimita 110 likifunguliwa linatoa karatasi yenye upana wa sentimita 34 na nusu hivi, kwa hiyo kipande kimoja kinatoa ala mbili na ukanda wa kutengenezea kishikizo.

Kata bomba kwa urefu huo, kisha ulipasue ubavu mmoja kwa msumeno. Lipashe mpaka lilegee, lifungue kwa glavu, ulilaze kati ya mbao mbili na kuweka tofali juu. Liache lipoe kabisa.

Kwa nini tusikunje moja kwa moja kutoka kwenye bomba? Kwa sababu PVC inakumbuka ilikotoka. Ukiipasha bila kuinyoosha, inavutana kurudi kwenye uduara wake wakati wewe unahangaika kuikunja upande mwingine.

Umefanikiwa kama: karatasi inalala mezani bila kuyumba. Kata kipande cha ala, na usage kingo kwa tupa.

## Hatua ya 4: Fanya mazoezi bila joto

Plastiki ikitoka kwenye joto una kama nusu dakika kabla haijaanza kukaza. Hivyo panga meza yako: ubao wa chini, juu yake sponji, juu ya sponji kipande cha tyubu. Ubao wa juu uwe na mpangilio huo huo uliogeuzwa. Tyubu inazuia joto lisiiyeyushe sponji ya malapa, na inaacha uso laini kwenye ala.

Kisha kata vipande viwili vidogo vya tyubu, uvikunje mara tatu, na uvibandike kwa utepe juu ya ile tyubu kubwa, kimoja kwenye kila ubao, pale pale ambapo kiuno cha mpini kitalala. Vipande hivi ndivyo siri ya mshiko. Sponji peke yake inasukuma kila mahali sawa, na mahali penye shimo inasukuma kidogo kuliko panapotakiwa. Hivi vinapeleka nguvu ya ziada kwenye kiuno.

Weka kisu, weka ubao wa juu, funga klampu. Rudia mpaka mikono izoee. Hakikisha vile vipande vya tyubu vinatua kwenye kiuno kila mara. Kama havitui, chora alama kwenye ubao kuonyesha bega la kisu linakaa wapi.

## Hatua ya 5: Pasha

Kwa oveni: weka kwenye nyuzi 130, plastiki iwe juu ya karatasi ya kuokea. Anza kukagua baada ya dakika 4. Kydex inahitaji zaidi, kati ya 165 na 180.

Kwa mashine ya hewa moto: isogeze muda wote, umbali wa sentimita 10, pande zote mbili. Ukiituliza mahali pamoja, pale patababuka na kwingine kutabaki pagumu.

Kwa jiko la mkaa: jaza sinia kuukuu mchanga mkavu wa kina cha sentimita 3, na juu yake laza kipande cha bati bapa. Mchanga unasambaza joto, bati linazuia chembe zisizame kwenye plastiki. Subiri lipate moto, kisha pima kwa tone la maji. Tone likichemka na kukauka papo hapo, joto linafaa. Tone likiwa duara na kukimbiakimbia juu ya bati, joto limepita kiasi, punguza mkaa. Ukiridhika, laza plastiki na uigeuze kila baada ya nusu dakika.

Maji ya kuchemka hayatoshi. PVC huanza kulegea karibu na nyuzi 80, kwa hiyo kwenye maji itapinda na utadhani iko tayari. Lakini ukiitoa inakaza kabla ya kushuka kwenye kiuno cha mpini. Ala nyingi zinazoachia visu vidondoke zilipashwa hivyo.

Umefanikiwa kama: ukiinyanyua kwa kona, inaning'inia yote kama chapati iliyotoka kikaangoni, na rangi haijabadilika. Sehemu ikibaki imesimama, rudisha.

## Hatua ya 6: Kunja na bana

Hapa fanya haraka bila pupa.

Laza plastiki kwenye sponji ya chini. Weka kisu juu yake, mgongo ukiwa kwenye mstari wa katikati, alama ya mdomo ikilingana na ukingo wa plastiki. Kunja nusu ya pili juu ya kisu, ukivuta ili mkunjo uubane mgongo. Hakikisha bega limekaa kwenye alama yako ya ubao. Weka ubao wa juu.

Klampu ya kwanza ifungwe karibu na mpini, sio kwenye ncha. Ukianzia kwenye ncha, kisu kinasukumwa nyuma na bega linahama kutoka mahali pake. Kisha funga za ukingo wa makali, ili plastiki mbili zilale pamoja bila mwanya, halafu ya ncha. Kaza mpaka sponji ibaki nusu ya unene wake.

Sasa ondoka, ukanywe chai. Acha dakika 15 zipite. PVC inapitisha joto polepole. Nje inaweza kuwa baridi huku katikati bado ni laini, na ukifungua mapema itajifungua yenyewe kidogo kidogo. Milimita moja ya kujifungua pale kiunoni ndiyo tofauti kati ya ala na mfuko.

Wengi huuliza kama joto hili linaharibu ugumu wa kisu. Haliharibu, mradi kisu chenyewe hakijawekwa kwenye moto wala oveni. Vyuma vya visu hutulizwa kiwandani kwa joto la juu kuliko hilo.

Umefanikiwa kama: ukifungua klampu unaona umbo la bega na kiuno limejichora wazi kwenye plastiki pande zote mbili. Ukiona mteremko laini tu usio na umbo, rudia. Uzuri wa PVC ni kwamba kumbukumbu yake inakusaidia pia: ipashe tena, italala bapa, uanze upya.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kutoboa

Bana ukingo wa makali kwa vibano viwili na uchomoe kisu, huku umekielekeza mbali na mwili. Hakitakiwi kuwa rahisi sasa hivi. Kikigoma kabisa, tafuta kilichokamata. Mara nyingi ni plastiki iliyojikunja nyuma ya kisigino kwa sababu kijiti kilihama.

Ukishaona umbo ni zuri, ndipo utoboe. Kutoboa ala mbovu ni kupoteza plastiki ambayo ingepashwa tena na kufinyangwa upya.

## Hatua ya 8: Toboa na funga

Rudisha kisu ndani, chora mstari wa makali kwa nje. Tundu lolote lianzie angalau milimita 6 kutoka kwenye mstari huo, vinginevyo makali yatakutana na ribiti na kuwa butu, au ribiti itakatika.

Tundu la kwanza ndilo muhimu: liwe karibu na kiuno cha mpini, milimita 6 hadi 8 kutoka kwenye umbo lake. La pili lifuate sentimita 3 mbele. Hayo mawili yafunge kwa bolti za M4. Yaliyobaki, mpaka kwenye ncha, funga kwa ribiti kila sentimita 3.

Kwa nini bolti pale na ribiti kwingine? Ribiti ikishafungwa imefungwa. Bolti unaweza kuikaza na kuilegeza, na hapo ndipo utakaporekebisha mshiko maisha yote ya ala. Katika kila tundu la bolti, weka washa ndogo ya tyubu (kiduara cha mpira chenye tundu katikati) kati ya plastiki mbili. Ukikaza bolti, mpira unakandamizika na mdomo unabana. Ukilegeza, mpira unausukuma mdomo ufunguke. Bila mpira, plastiki zinagusana na kukaza zaidi hakubadilishi kitu.

Toboa kwa mwendo wa taratibu, ubao ukiwa chini. Drili ya kasi inayeyusha PVC na kuacha tundu lenye pembe.

## Hatua ya 9: Kata umbo

Chora umbo la nje ukiacha milimita 6 nje ya matundu, kata kwa msumeno, sawazisha kwa tupa, piga msasa 120, 240, kisha 400. Tumia maji unapopiga msasa, na uvae barakoa. Vumbi la PVC si la kuvuta.

Mdomo utazame kwa makini. Upande wa mgongo wa kisu uache kisikio kidogo kinachoinuka kando ya mpini: hapo ndipo kidole gumba kitakaposukumia wakati wa kuchomoa. Kingo za ndani za mdomo zilainishe mpaka kidole kisihisi kona.

Toboa tundu la milimita 6 kwenye sehemu ya chini kabisa, mbele ya ncha. Maji, damu ya samaki na mchanga vitatokea hapo. Kwa mvuvi hili si pambo. Kisu kinacholala kwenye maji ya chumvi kinaoza kwa kutu kabla makali hayajaisha.

Ondoa utepe na vijiti vyote, osha ala kwa sabuni, suuza mpaka maji yatoke safi. Vumbi la msasa likibaki ndani litafanya kazi ya msasa kwenye kisu chako.

## Hatua ya 10: Rekebisha mshiko

Kaza bolti mpaka zishike kidogo, rudisha kisu, sikiliza. Kisha pindua ala chini juu ya godoro au nyasi na uitikise. Makali yafunikwe kwa utepe wakati wa jaribio hili, na miguu iwe mbali.

Kisu kinadondoka. Kaza bolti ya kiunoni robo mzunguko kwa mara moja. Ikifika mwisho na bado, umbo la kiuno ni hafifu. Funika ala kwa kitambaa kilicholowa maji, uache wazi sehemu ya kiuno tu, ipashe kwa hewa moto, ingiza kisu, bonyeza pande zote mbili kwa vidole vya glavu au kwa kijiti cha duara kilichofungwa tyubu. Shikilia mpaka ipoe.

Kisu kinagoma. Legeza bolti kwanza. Kama haisaidii, piga msasa ndani ya umbo la bega, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Au pasha mdomo peke yake na uufungue kwa kuingiza kisu chenye tabaka moja ya utepe juu ya bega. Usipake mafuta ili kilegee. Yatadanganya kwa wiki moja, kisha vumbi litashikana na mafuta na utakuwa umerudi ulipoanzia.

Kinashika lakini kinacheza na kupiga kelele. Ubapa una nafasi kubwa mno ndani, pengine utepe ulizidi. Pasha kando mbili za katikati ya ala na uzibonyeze kidogo kuelekea ubapa, nusu ya njia kati ya mdomo na ncha. Ziguse tu, zisibane.

Ala inachora ubapa. Tazama mchoro uko wapi, pima umbali wake kutoka kwenye bega, na utajua sehemu gani ya ala inagusa. Pasha hapo, ingiza kisu chenye utepe zaidi, acha ipoe.

Umefanikiwa kama: ala ikipinduliwa na kutikiswa kisu hakisogei, ukisukuma kwa kidole gumba kinaachia mara moja, na baada ya sentimita ya kwanza kinateleza bila kusugua. Ukilazimika kuvuta kwa bega lote, bado. Mkono unaovuta kwa nguvu hauna breki kisu kikiachia.

## Kishikizo cha mkanda

Ule ukanda uliobaki wa PVC upashe, uukunje juu ya kipande cha mbao chenye unene wa mkanda wako, na uufunge kwenye ala kwa bolti mbili. Kwa mtu anayekaa sana kwenye pikipiki au mtumbwini, mkanda wa kiti cha gari ni bora kuliko plastiki, kwa sababu ala inafuata mwili na haimchomi kiunoni. Choma ncha za mkanda huo kwa kiberiti zisifumuke.

Usifunge kishikizo kwenye ile bolti ya kiunoni. Uzito wa kuninginia utaulegeza mshiko uliohangaikia.

## Matunzo

Adui wa ala hii ni joto. Usiiache juu ya dashibodi, hasa kwa wasomaji wa Muscat na Dubai: gari lililofungwa kwenye jua la kiangazi linakaribia joto ambalo PVC huanza kulegea, na ala itaanza kujifungua. Ikitokea hivyo, usiitupe. Ondoa bolti, funga utepe kwenye kisu, pasha sehemu iliyofunguka na uibane upya. Ribiti zinaweza kubaki.

Kisu cha chuma kinachoshika kutu kikaushwe na kupakwa mafuta kiasi kwenye ubapa kabla ya kulazwa muda mrefu, na mpini uachwe mkavu. Bolti zikague kila mwezi kwa mtu anayetumia kisu kila siku; washa za tyubu zikipasuka, kata nyingine.